Springi kwenye shule ya msingi huku Minnesota: rivyu ya mama wa watoto wawili

Nyota nne na nusu kati ya tano, naanza na maksi kabisa ili mwenye haraka ajue. Ninachokipima hapa ni ile miezi ya springi, mwezi wa tatu mpaka shule inapofungwa mwezi wa sita, kwenye shule ya msingi ya serikali wanakosoma wanangu hapa Brooklyn Park, juu kidogo ya Minneapolis, mmoja yuko darasa la pili mwingine la tano. Masomo yenyewe siyagusi leo. Nataka kuongelea yale mambo mengine, siku ya michezo, ziara, usiku wa tamaduni, wiki ya walimu, maana wazazi wengi wa kwetu wanayachukulia kama michezo tu ya watoto, karatasi inakuja kwenye begi inaishia kwenye droo ya jikoni, na mimi nasema hapana jamani, hapo ndipo penyewe. Ukitaka kujuana na watu huku, kumjua mwalimu vizuri, kujua mtoto wako anacheza na nani na mama yake huyo rafiki ni nani, springi ya shule itakupa vyote hivyo na sehemu kubwa ni bure.

Mtu ataniuliza kwani miezi mingine vipi. Miezi mingine ni baridi. Kuanzia mwezi wa kumi na moja mzazi mwenzio unamwona kupitia kioo cha gari tu, kwenye foleni ya kuchukua watoto, kila mtu kajifunika mpaka puani, unapunga mkono na humjui hata unayempungia. Mwezi wa tatu saa zinasogezwa mbele, jua linachelewa kuzama, theluji inaanza kuyeyuka, na shule nayo inaanza kutuma meseji za kila aina, mara hiki mara kile. Ila usiiamini kalenda sana, mwaka 2018 katikati ya mwezi wa nne ilishuka theluji ya zaidi ya futi moja hapa Minneapolis na St. Paul, kwa hiyo mabuti na suruali za theluji usizipeleke stoo mpaka mwezi wa tano uingie. Na hayo matope sasa! Uwanja wa shule mwezi wa nne ni tope tupu na watoto wanatolewa nje wakati wa mapumziko vilevile, weka soksi na suruali ya pili kwenye begi la mtoto.

Kuna jambo moja ambalo mgeni lazima aambiwe mapema, nalo ni ving'ora. Jumatano ya kwanza ya kila mwezi saa saba mchana vinajaribiwa, hiyo utazoea, lakini mwezi wa nne kuna wiki ya jimbo zima ya kujiandaa na hali mbaya ya hewa na Alhamisi ya wiki hiyo vinalia mchana na tena jioni kwa ajili ya mazoezi ya tonado, ile dhoruba ya upepo mkali unaozunguka. Shuleni watoto wanatolewa madarasani wanapiga magoti kwenye korido, uso ukutani, mikono juu ya shingo. Wa kwangu wa darasa la pili alinionyesha nyumbani pale kwenye kibaraza cha kwenda bafuni, na akanisahihisha mikono. Sasa fikiria familia iliyokimbia vita Kongo, juzi tu wamefika, mchana king'ora kinalia mji mzima na hawajaambiwa kitu. Shule yetu hapa naipa maksi zote, taarifa ilikuja mapema na ilikuja kwa Kiswahili, siyo kile Kiswahili cha mashine cha kuchekesha, kuna mtu alikaa akaandika.

Sasa siku ya michezo. Hii ndiyo roho ya springi, inakuwa karibu kabisa na kufunga shule, na kama huna ruhusa ya kwenda kwenye kitu kingine chochote mwaka mzima basi nenda hii. Kila darasa wana tisheti za rangi yao, uwanja umegawanywa vituo vituo, na kila kituo kinasimamiwa na wazazi, watoto wanahama kila filimbi ikipigwa. Michezo yenyewe nilishangaa, ni ile ile, kuvuta kamba, kukimbia na magunia, yai kwenye kijiko, vitu ambavyo mimi nimecheza Tanga nikiwa sijui hata kuandika jina langu vizuri. Nilipangiwa kituo cha sponji, watoto wamejipanga mstari, wa mbele anachovya sponji kubwa kwenye ndoo anaipitisha juu ya kichwa kwenda nyuma, wa mwisho anaikamulia kwenye ndoo nyingine, timu itakayojaza kwanza ndiyo mshindi, lakini mpaka sponji ifike nyuma maji yote yameishia kwenye migongo na hakuna aliyekuwa na habari tena na ndoo, walikuwa wanapigana na foleni wapate kulowa mara ya pili.

Halafu lile parashuti. Ni kitambaa kikubwa cha rangi rangi, watoto wote wanashika pembeni, wanahesabu, wanakirusha juu kwa pamoja kinajaa upepo, wanaingia chini wanakalia ukingo na wanabaki ndani kama kwenye hema. Kulikuwa na mtoto wa kiti cha magurudumu, na mwalimu wa michezo alimpa yeye kazi ya kuhesabu, yaani darasa zima limetulia linamsubiri yeye aseme tatu, na akawa anawachelewesha makusudi, moja... mbili... huku wenzie wanapiga kelele za kumsihi. Yule mwalimu simjui zaidi ya kusalimiana lakini siku ile nilimfuata nikamshukuru kwa mikono miwili.

Baba mmoja Mkenya tuliyekuwa naye kwenye kituo alilalamika kwamba mshindi hajulikani, kila mtoto anapewa utepe. Nusu niko naye. Kwa kindagateni, yaani lile darasa la kabla ya la kwanza, na darasa la kwanza sawa kabisa, wacha wote wafurahi, lakini watoto wa darasa la nne na la tano wanajua nani ana mbio na nani hana, wapige mbio za kweli mita mia moja, wa kwanza apongezwe, wa mwisho apigiwe makofi amalize. Hiyo nimeshawaambia PTA, kile chama cha wazazi na walimu, na nitawaambia tena. Pembeni ya hapo sina neno, kuna maji, kuna kivuli, kuna zile barafu za mfuko za rangi mpaka midomo yote ikawa bluu. Losheni ya jua mpake mtoto nyumbani kabla hajapanda basi, na usiseme sisi weusi hatuungui, wa kwangu pua ilichubuka.

Usiku wa tamaduni nao niuongelee kwa kirefu kwa sababu ndio niliuogopa. Unafanyika jimu, ule ukumbi wa michezo wa shule, kila familia inayotaka inapewa meza na inaweka inachotaka. Brooklyn Park ina Waliberia wengi sana, wana Wahmong wa asili ya Asia, Wasomali, Wakenya, Wavietnam, Walatino, kwa hiyo usifikirie utasimama peke yako na kanga yako watu wanakushangaa. Meza ya jirani yangu walikuwa akina mama wa Kiliberia na ule mkate wao wa unga wa mchele na ndizi mbivu, Mungu awabariki, nilikula vipande sitaji vingapi. Mimi nilipeleka vitumbua na visheti. Kashata sikupeleka na wewe usipeleke, shule za huku karanga ni kitu cha hatari kwa watoto wenye mzio, na kwa madarasani shule nyingi zinataka kitu cha dukani kilichofungwa chenye maandishi ya vilivyomo, kwa hiyo uliza ofisini kwanza kabla hujakesha jikoni.

Lakini chakula siyo kilichovuta watoto kwenye meza yetu. Binti yangu mkubwa alikuja na vijiwe, akachora duara chini kwa chaki, akaanza kuwafundisha wenzie mdako. Unarusha kijiwe kimoja juu, kabla hakijashuka unavuta vingine nje ya duara, unakidaka, unarusha tena unarudisha vyote unabakiza kimoja. Ndani ya dakika chache kuna watoto wamelala kifudifudi sakafuni wanagombania zamu. Akaja bibi mmoja Mhmong, kanda mbili miguuni, Kiingereza hana kabisa, akaangalia kidogo, akakaa chini na sketi yake, akachukua vijiwe akacheza kwa namna yao ambayo haipishani sana na yetu, na mkono wake ulikuwa mwepesi jamani, anarusha anazoa vyote anageuza kiganja anapokelea mgongoni mwa mkono. Watoto wakanyamaza kimya. Mjukuu wake, ambaye mwaka mzima anasoma na binti yangu na sikuwahi kumsikia akiongea, akawa ndiye mkalimani wa bibi, anaeleza sheria kwa sauti ya kujiamini. Tangu siku ile wale wasichana wawili hawaachani na mimi na mama yake tunapeana zamu ya kuwachukua. Ndiyo maana nasema nendeni.

Ziara ya darasa la pili ilikuwa Como, St. Paul, kule kwenye bustani ya wanyama. Kuingia Como ni bure, wanaomba mchango tu wa hiari, kwa hiyo gharama kubwa ya shule inakuwa ni basi. Kuna onyesho la simba wa baharini anaitwa Sparky, lipo tangu 1956, wazazi waliosoma huku wanalikumbuka kutoka utoto wao na wanapiga makofi kuliko watoto. Pembeni kuna lile jumba la vioo la maua la tangu 1915, na kwa mtu aliyetoka kwenye baridi miezi yote ile kuingia mle ndani ukakuta joto, unyevu, migomba, harufu ya udongo, mimi nilisimama tu sikutaka kutoka. Watoto wao walitaka twiga. Kuna kitu nilikipenda, kabla ya ziara mwalimu aligawa vikundi vidogo vidogo na kila mzazi msindikizaji akapewa karatasi yenye majina ya watoto wake, namba ya mwalimu, saa ya kula na mahali pa kukutana, hakuna kubahatisha.

Kusindikiza kuna masharti lakini. Shule inakukagua kwanza kama una rekodi ya uhalifu, unajaza fomu, inachukua muda, na wengi wanakuja kuomba wiki ile ile ya ziara wanaambiwa haiwezekani wanaondoka wamenuna. Jaza mwezi wa pili, ukishapita unatumika kwa kanivali ya shule, kwa siku ya michezo, kwa kila kitu. Na kwenye fomu ya ruhusa ya mtoto kuna sehemu ya chakula cha mchana cha kubeba, tia tiki. Minnesota tangu mwaka wa shule wa 2023 kifungua kinywa na chakula cha mchana shuleni ni bure kwa watoto wote wa shule zilizo kwenye mpango wa taifa wa chakula, huangaliwi kipato, na siku ya ziara jikoni wanamfungia kwenye mfuko. Kama hali nguruwe andika hapo hapo.

Nije kwenye ile nusu nyota niliyokata. Kuchangisha. Kila springi kuna mbio za kuzunguka uwanja, mtoto anatafuta wa kumchangia kwa kila mzunguko au kwa jumla, wazo lenyewe zuri, watoto wanakimbia, muziki, wazazi pembeni wanashangilia. Shida ni zawadi. Shule ililetewa kampuni ya kuendesha zoezi, na kampuni ikaja na ngazi za zawadi, ukileta kiasi hiki unapata kibangili, ukileta kiasi kile unapata kimwanasesere cha plastiki, juu kabisa kuna vitu vya kuwaka taa, na wanaita majina ya watoto waliovipata darasani kila asubuhi. Mwanangu mdogo wa darasa la pili akaniuliza, "Mama, bibi wa Tanga anaweza kunichangia?" Bibi wa Tanga ambaye sisi ndio tunamtumia hela! Darasani kwao kuna watoto ambao familia imefika mwaka huu, baba anafanya kazi kiwandani usiku, hao wanaambiwa wakatafute wachangiaji kwa nani? Mtoto wa miaka saba haelewi kampeni, anaelewa tu kwamba fulani kapata na yeye hakupata. Hili linaniuma na sitalinyamazia.

Nilienda mkutano wa PTA nikasema, na wengine wakasema pia, akiwemo mama Mzungu ambaye nilidhani angekuwa upande wa pili. Tulipendekeza zawadi iwe ya darasa zima, mapumziko ya ziada ya dakika kadhaa, kuja na pajama, kumwona mwalimu mkuu akimwagiwa maji, vitu visivyo na bei. Wamekubali kulijadili. Kwa haki yao niseme kwamba hesabu za PTA zinawekwa wazi mezani, unaona pesa ya mwaka jana ilikwenda wapi, mabasi ya ziara, mipira na kamba za mapumziko, na unaruhusiwa kuuliza. Na mikutano si ya watu maalumu. Hiki chama kitaifa kilianzishwa mwaka 1897 Washington kama kongamano la akina mama, siku hizi akina baba wapo wengi tu, unakuja na mtoto wako, kuna pizza, na ada ya uanachama ni ndogo.

Duka la vitabu linalokuja maktaba ya shule nalo ni la kuangalia kwa makini. Watoto wanalipenda kufa, lakini ukimpa hela ya mkononi bila maelekezo atarudi na kifutio chenye umbo la baga na kalamu yenye manyoya, kitabu hakuna. Mwambie kabla, kitabu kwanza. Springi mara nyingine kunakuwa na ile ya nunua kimoja uchukue kingine bure, subiri hiyo. Wiki ya walimu ni ile wiki kamili ya kwanza ya mwezi wa tano, na hapa wazazi wa kwetu tung'are bwana. Wengine wanaleta kadi za dukani za dola ishirini na tano, sawa, mwenye nacho alete, mimi nilimwambia binti yangu aandike barua kwa mkono wake na mwalimu wake aliibandika ukutani nyuma ya meza. PTA wakaomba wazazi wachangie chakula cha mchana cha walimu, nikapika sinia la pilau na kachumbari pembeni, sinia limerudi limekwanguliwa na karatasi ndogo juu yake inauliza kama mwaka ujao nitapika tena. Nitapika.

Najua jibu la wengi, kazi. Tuko kwenye nyumba za wazee, tuko maghala, shifti mbili mfululizo, utapata wapi saa nne asubuhi ya kushika kamba? Basi chukueni hii, Minnesota kuna sheria inayompa mfanyakazi mpaka saa 16 kwa miezi 12 za kwenda kwenye mikutano na shughuli za shule ya mtoto wake kama haziwezi kupangwa nje ya muda wa kazi. Mwajiri halazimiki kukulipa saa hizo, lakini unaweza kutumia likizo yako ya kulipwa ukitaka. Mwambie msimamizi wako mapema, kwa maandishi, na tarehe ya shughuli ikiwa imeandikwa. Mimi nilimtumia picha ya karatasi ya shule na hakukuwa na mvutano wowote. Saa kumi na sita zinatosha siku ya michezo, ziara moja na kikao cha mwalimu na zinabaki.

La mwisho ni kuagwa kwa darasa la tano, maana mwakani wanakwenda shule ya kati. Sherehe ya asubuhi jimu, si majoho wala gari la kukodi, nguo nzuri tu, kila mtoto anaitwa jina anapanda anapokea cheti. Niliipenda kwa sababu moja, mwalimu mkuu alikuwa amekwenda darasani wiki kabla akamuuliza kila mtoto jina lake linatamkwaje hasa, na siku ile majina ya Kisomali, ya Kihmong, ya Kikongo yenye silabi sita yote yalitamkwa sawa sawa. Shangazi zetu wakapiga vigelegele, wengine wote wakageuka, halafu akina mama wa Kiliberia wakajibu na vya kwao. Baada ya hapo wanafunzi wote wa darasa la tano wanatembea korido zote mara ya mwisho na madarasa ya chini yamejipanga pande mbili wanawapigia makofi, na mdogo wake binti yangu alikuwa pale mbele kabisa kamnyooshea dada yake mkono.

Kwa mwenye mtoto anayekuja kuanza: akiwa ametimiza miaka mitano ifikapo tarehe 1 mwezi wa tisa anaingia kindagateni, na usajili usiusubirishe mpaka kiangazi, uende springi hii hii ukaone shule ikiwa na watoto ndani. Makaratasi ya uhamiaji shule haiwezi kuyafanya sababu ya kumkataa mtoto, Mahakama Kuu ya Marekani ilishaamua hilo mwaka 1982. Utapewa fomu inayouliza lugha ya nyumbani. Wengi wanaandika Kiingereza wakihofia mtoto atawekwa na wanaojifunza lugha, lakini hawekwi hivi hivi, anapimwa kwanza, na kama anakijua anaendelea kama kawaida. Andika Kiswahili. Chini yake kuna swali la kama unahitaji mkalimani na notisi kwa lugha yako, ni bure, sheria inawalazimu, jibu ndiyo hata kama Kiingereza chako kinakutosha dukani.